Karai la Shangazi Dorothea

Karai lilikuwa la kitimoto, na visheti vilikuwa vimeshakaangwa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na Isack alilijua peke yake.

Alisimama mlangoni mwa jiko la shangazi yake, Woodbridge, Virginia, funguo za gari mkononi, akimtazama Shangazi Dorothea akigeuza visheti vya mwisho kwenye shira ya sukari na iliki. Nyumba nzima ilinukia. Shangazi alikuwa ametoka kanisani, Jumapili ya Matawi, na hakuvua hata gauni lake la kitenge. Alijifunga kanga kiunoni akaingia kazini. Mezani kulikuwa na beseni lenye mfuniko, limejaa. Pembeni yake kashata za karanga zilikuwa zimepangwa kwenye sahani. Na juu ya jiko, likipoa, lilikaa karai.

Karai lile shangazi alikuja nalo kutoka Moshi, limeviringishwa sweta ndani ya sanduku, akawaambia watu wa uwanja wa ndege kwamba ni ukumbusho wa marehemu mama yake. Lilikuwa jeusi ndani na nje. Mtanzania yeyote aliyeoa, aliyebatiza mtoto au aliyehitimu chuo kati ya Woodbridge na Lanham alikuwa amekula kitimoto, nguruwe wa kukaanga, kilichotoka ndani yake. Watu walisema ladha ya Dorothea haimo kwenye viungo, imo ndani ya chuma chenyewe. Na hapo ndipo penye shida. Watu waliokuwa wanapelekewa visheti hivi waliamini jambo hilohilo, ila wao hawakulifurahia.

Nia, mwanamke ambaye Isack alitaka kumuoa, alikuwa Myahudi. Alikuwa mweusi, mzaliwa wa Maryland, na Kiswahili alikisoma chuoni, akakinoa Iringa alikofundisha mwaka mzima. Uyahudi alizaliwa nao. Leo ilikuwa Purimu, sikukuu yao ya kupelekeana vyakula, na Isack angeingia nyumbani kwa mama yake kwa mara ya kwanza. Maelekezo ya Nia yalikuwa mafupi. Aina mbili za chakula. Viwe tayari kuliwa. Vifike kabla jua halijazama. Na viwe kosher, yaani halali kwa sheria yao.

"Nunua tende na korosho zenye alama kwenye pakiti," alimwambia. "Usipike, usipikiwe. Na mweleze shangazi ni kwa nini, asije akaumia."

"Nitamweleza."

Baadaye Nia akauliza tena, kichwa chake kikiwa begani kwa Isack. "Umemweleza?"

"Nimemweleza," Isack akasema, akambusu kwenye nywele ili asiulizwe la pili.

Hakuwa amemweleza. Shangazi Dorothea ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyemtafutia njia ya kuja Marekani, na ndiye ambaye angesimama kama mzazi siku ya posa. Isack alikuwa fundi wa lifti. Alizoea kuning'inia gizani ghorofa ya kumi na mbili bila moyo kumwenda mbio. Lakini kumwambia mwanamke yule kwamba chombo chake ni najisi, ulimi ulikataa. Kwa hiyo alimwambia nusu: kuna sikukuu, vinapelekwa vyakula aina mbili, na kwa desturi yao zawadi hubebwa na mjumbe.

Nusu hiyo ilimwasha shangazi kama kibiriti.

"Basi na wao wana mshenga," alisema. "Watu wenye adabu hao. Nitakwenda mwenyewe. Unapeleka nini?"

"Nilifikiria korosho. Na tende."

"Za pakiti?"

"Za pakiti."

"Isack. Unakwenda kwa watu unataka binti yao, unabeba korosho za pakiti kama mtu aliyeshuka kwenye ndege? Watasema huyu hana kwao."

"Shangazi, hawa watu wanapenda vitu vya pakiti."

"Nani anapenda vitu vya pakiti? Huku wanakula tu kwa kukosa mtu wa kuwapikia." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Pilau, lakini pilau hupoa vibaya. Ndizi nyama, lakini si kila mtu anajua kula ndizi mbichi. Kuku mzima, lakini kuku ni wa siku ya posa yenyewe, asije akaharakishwa. "Visheti," akahitimisha, "na kashata. Vinakaa, vinapendeza, na havihitaji kijiko. Mambo yamekwisha."

Mambo hayakuwa yamekwisha. Sasa shangazi alifunga mfuniko wa beseni, akavua kanga, akajitazama kwenye kioo cha ukumbini na kuweka sawa kilemba.

"Mbona umesimama kama mdaiwa?" aliuliza. "Twende. Umesema kabla jua halijazama."

*

Barabara ya 95 ilikuwa imejaa watu wa maua. Kila mwaka miti ya micheri ikichanua mjini, nusu ya Virginia hupanda gari kwenda kuiangalia, na nusu nyingine hukwama nyuma yao. Isack alibadilisha njia kulia, akabadilisha kushoto, akarudi kulia. Vidole vyake vilipiga usukani. Alifungua kioo, akafunga.

"Una choo?" Shangazi Dorothea aliuliza. Kashata zilikuwa miguuni na beseni mapajani mwake, amelishika kama mtoto wa kubatizwa.

"Hapana, shangazi."

"Basi tulia. Mwanaume anayekwenda ukweni hatapatapi."

Simu ilitetemeka. Meseji ya Nia: *Mama anauliza mjumbe wako ni nani. Nimemwambia utamwona. Nimevaa kitu cha kukuchekesha. Njoo haraka.* Isack aliisoma na moyo wake ukafanya vitu viwili kwa pamoja: ukapanda, halafu ukaanguka.

Alimkumbuka alivyomwona mara ya kwanza, kwenye sherehe ya Benadetha, Mtanzania mwenzao, kule Lanham. Shangazi alikuwa nyuma ya meza akigawa kitimoto, Isack akimsaidia, na mwanamke mrefu mwenye miwani akafika na sahani tupu. Isack alimchotea kipande kinono. Mwanamke akarudisha sahani nyuma kidogo, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Samahani kaka, mimi si mtu wa kitimoto. Naomba kachumbari tu." Isack akadhani ni Mwislamu, akamtafutia kachumbari, na wali, na ndizi mbivu, na kiti, na maji. Usiku ule alimtafutia kila kitu. Walipoagana alimwangalia kama mtu anayesoma jambo analotaka kulikumbuka.

Kwa hiyo alijua. Tangu siku ya kwanza alijua, na karai lilikuwa lilelile.

Walivuka daraja, wakaingia barabara ya mzunguko ya Beltway, wakafika Silver Spring jua likiwa limeshaanza kulegea. Isack akakata kona ghafla na kuegesha mbele ya duka la Kiyahudi.

"Nanunua maji," alisema.

Alirudi mbio na mfuko wa karatasi. Aliusukuma nyuma ya kiti chake, akawasha gari.

"Maji gani haya yanachakacha?" shangazi aliuliza.

"Ni vitu vidogo."

Shangazi Dorothea aligeuka. Pamoja na beseni mapajani aligeuka, akaunyakua mfuko, akatoa pakiti ya kwanza na ya pili. Aliziangalia kwa muda.

"Tende," alisema. "Na korosho."

Isack alizima gari.

"Ulitaka kufanya nini? Kubadilisha mlangoni? Visheti vyangu ungevificha wapi, chini ya kiti kama bangi?"

"Shangazi, nisikilize."

"Nakusikiliza tangu umezaliwa. Sema."

"Wana masharti ya chakula."

"Kila mtu ana masharti ya chakula. Mimi mwenyewe sili pweza. Masharti gani?"

"Hawali nguruwe."

"Visheti vina nguruwe?"

Mbele yao mwanamume alipita na mtoto mkononi, mwanamume mzima na ndevu zake, amevaa kama ndizi. Siku ya Purimu watu huvaa vichekesho. Shangazi Dorothea hakumwona.

"Isack. Nimeuliza. Visheti vina nguruwe?"

"Karai," Isack alisema.

Alitamani angetukanwa. Shangazi alitazama mikono yake juu ya mfuniko. Mikono ile ilikuwa na alama ndogo za mafuta ya moto, mpya na za zamani.

"Kwao ladha huingia kwenye chuma," Isack aliendelea, kwa sababu sasa hapakuwa na njia ya kurudi. "Ukikaanga kitu kingine humohumo, ni kama umekaanga na nguruwe. Si dharau. Ndiyo sheria yao."

"Binti anajua kuhusu karai?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu Lanham. Siku ile ya Benadetha."

"Na mama yake?"

"Nadhani atauliza."

"Kwa hiyo," Shangazi Dorothea alisema polepole, "binti anajua, wewe unajua, na mama mtu yuko tayari kuuliza. Mimi nimeambiwa leo. Nimeshapika. Nimeshavaa."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ningekuuma? Ungeniambia, Isack, ningenunua sufuria mpya hapo Annandale kwa Wakorea, nikakaangia humo, jambo likaisha. Ningeuliza kwa yule binti mwenyewe, jikoni kwake mnafanyaje. Mimi na masharti ya watu tumegombana lini? Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kila mzee ana lake, huyu hali chumvi, yule hali kuku Ijumaa. Nimewahi kukosea?"

"Hapana."

"Mficha uchi hazai." Alimkabidhi mfuko wake wa karatasi. "Endesha. Mimi nitakaa kwenye gari. Peleka korosho zako."

*

Nia aliwasubiri kwenye ngazi za nyumba ya mama yake. Isack alipomwona, kwa sekunde alisahau kila kitu.

Alikuwa amemvaa yeye, Isack. Kofia ngumu ya kazi, ile ya Isack yenye mikwaruzo, ambayo alikuwa ameiomba wiki iliyopita bila kusema ya nini. Kizibao cha Isack cha rangi ya machungwa kilichomfika mapajani. Bisibisi mfukoni. Alikuwa amejichora hata masharubu kwa wanja. Ndani, nyuma yake, watu walikuwa wakiimba na kugonga meza.

"Lifti imekwama, mwite fundi," alisema, akacheka, akashuka ngazi mbili. Halafu akaona uso wa Isack. Akaona gari, na kilemba cha kitenge ndani ya gari, hakigeuki. "Kwa nini shangazi hashuki?"

"Amechoka kidogo."

"Isack."

Alikuwa na namna ya kutaja jina lake. Siku nyingine jina hilo lingemfanya aende popote. Leo lilimfanya aangalie viatu vyake.

"Amekaanga visheti," alisema. "Kwenye karai lile."

Nia alishuka ngazi ya mwisho. Wakawa karibu, karibu kiasi cha kunusa mafuta ya nazi kwenye nywele zake, na Isack alihisi umbali mrefu kuliko kutoka hapo hadi Moshi.

"Uliniambia umemweleza."

"Nimemweleza."

"Lini?"

"Sasa hivi. Kwenye gari."

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza..."

"Nilitaka kumwambia. Kila nikienda nilikuta ana furaha. Anahesabu kwa vidole, anachagua. Hujamwona, Nia. Sijamwona na furaha hiyo miaka mingi. Ningeivunja vipi?"

"Kwa hiyo umengoja mpaka ikawa kubwa ndipo ukaivunja."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, Isack angepata pa kushika. Aliondoa miwani, akaifuta kwa kizibao, akairudisha.

"Unajua kwa nini nimevaa hivi?" aliuliza. "Wamekuwa wananiuliza tangu asubuhi, huyu ni nani umevaa, na mimi nawaambia subirini atafika. Nilitaka mama akuone mara mbili. Mimi, halafu wewe."

"Bado anaweza kuniona."

"Anakuona," Nia alisema, akitazama nyuma ya bega lake.

Mama yake Nia alikuwa mlangoni. Mwanamke mnene kiasi, mvi zilizokatwa karibu na ngozi, taji la bati kichwani na aproni shingoni. Hakuonekana kichekesho hata kidogo. Alishuka, akampa Isack mkono, akamtazama machoni. Walizungumza Kiingereza.

"Wewe ndiye fundi."

"Ndiyo, mama. Nimeleta..." Isack alinyoosha mfuko wa karatasi.

Alizitoa pakiti, akageuza, akaona alama, akatikisa kichwa kukubali. "Aina mbili. Tayari kuliwa. Jua bado lipo. Umetimiza." Ilikuwa kama mtu anayepima mzigo. "Na yule ndani ya gari ni nani?"

"Shangazi yangu. Ndiye mjumbe."

"Mjumbe amekaa kwenye gari, na aliyetuma ndiye aliyebeba?" Hakungoja jibu. Alitembea mpaka kwenye gari, taji na yote, akagonga kioo kwa kidole kimoja.

Shangazi Dorothea alishusha kioo.

Isack alibaki pale alipo. Kiingereza cha shangazi kilikuwa cha kazini, cha kuwaambia wazee wanywe dawa, lakini kilitosha, na kila neno lilimfikia.

"Karibu nyumbani kwangu," Mama Nia alisema.

"Asante. Nimekuja na chakula ambacho huwezi kula," shangazi alijibu. "Sikuwa najua. Ningejua nisingekuletea. Chombo nilichokaangia ni cha nguruwe, na sitaki uje ukile kwa kudanganywa."

"Naweza kukiona?"

Shangazi alifungua mfuniko. Mama Nia aliinama dirishani. Iliki ilimpanda puani na akafumba macho kidogo.

"Umekata kwa mkono vyote?"

"Kwa kisu. Ukikata kwa mashine vinakuwa kama chakula cha mbwa."

Mama Nia alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kupanga. Halafu kikaisha, akaegemeza kiwiko kwenye mlango wa gari.

"Mimi sikuzaliwa Myahudi," alisema. "Nilizaliwa Carolina Kusini. Mama yangu alipika mboga za majani na mguu wa nguruwe, na hakuna mboga kama zile duniani. Nilipobadili dini sikumwambia. Kila nikipiga simu nasema nitamwambia wiki ijayo. Nikaenda siku ya sherehe yake ya kuzaliwa, meza imejaa, ndugu wote wamekaa, ndipo nikasema siwezi kula. Mama hakukasirika kwa sababu ya dini. Alikasirika kwa sababu alikuwa ameshapika."

Shangazi Dorothea alimwangalia. "Ameshavaa," alisema.

"Ameshavaa," Mama Nia alikubali. "Hatukula meza moja tena mpaka alipofariki."

Nia alikuwa amesogea hadi kwenye gari. Alipiga goti moja kidogo, kama walivyomfundisha Iringa. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umevaa nini?"

"Nimemvaa Isack."

"Mtu huyo hakukai," shangazi alisema. "Ni mkubwa kwako pale pasipotakiwa, na mdogo pale panapotakiwa."

Nia aliinamia beseni na yeye. Hakugusa. Alivuta harufu tu, macho kwenye visheti, na Isack aliyekuwa nyuma yake aliona mabega yake yakipanda na kushuka ndani ya kizibao. Alitamani kuweka mkono pale. Hakuuweka.

Mama Nia alirudi ndani, akatoka na sahani ya karatasi iliyofunikwa. "Chombo cha mgeni hakiondoki bila kitu," alisema, na shangazi aligeuka haraka kumtazama Isack, kama kusema, unasikia, hata hilo wanalo. Ndani ya sahani kulikuwa na biskuti za pembe tatu zenye jamu nyeusi katikati.

Shangazi aliichunguza moja. "Ni sambusa iliyosahauliwa kufungwa," alisema, akaing'ata. Alitafuna kwa makini. "Lakini mpishi ana mkono."

"Mpishi ni mimi."

"Nilijua."

"Sikiliza," Mama Nia alisema. "Baada ya mwezi ni Pasaka yetu. Kabla yake tunasafisha vyombo. Vya chuma tunavichoma motoni mpaka viwe vyekundu, uani, watu wengi pamoja. Lete karai lako. Tutalichoma. Halafu utakaangia jikoni kwangu, na moto nitauwasha mimi, ndiyo sheria, na visheti nitakula."

"Likichomwa mpaka likawa jekundu, weusi wake wote utatoka."

"Utatoka."

"Weusi ule ni wa mama yangu."

"Najua ninachokuomba," Mama Nia alisema.

Shangazi Dorothea alifunga mfuniko wa beseni, akaupitishia kiganja.

Mama Nia alimgeukia Isack. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na hilo lilimfanya Isack ahisi vibaya zaidi. "Ungemwambia kabla hajashika unga, sasa hivi angekuwa mezani kwangu. Yeye nimemwalika. Wewe bado. Mwanaume anayeshindwa kusema neno juu ya karai, siku binti yangu akiugua, siku kazi ikipotea, atasema nini? Na lini?"

"Mama," Nia alisema.

"Nimemaliza." Akaingia ndani.

Wakabaki Nia na Isack kando ya barabara, shangazi ndani ya gari. Jua lilikuwa limefika kwenye mapaa. Nia alivua kofia ngumu. Nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja na masharubu ya wanja yameanza kuyeyuka, na Isack hakuwahi kumwona mzuri kama vile.

"Nikisema nakupenda utanijibu nini?" aliuliza.

"Nitakuamini. Hilo hujawahi kunidanganya." Alimpa kofia. "Mengine sijui. Nahitaji kukaa nisijue kwa muda. Usinipigie, Isack. Mpaka Pasaka yetu."

"Mwezi mzima?"

"Mama yangu na bibi hawakupata hata mwezi mmoja wa kupatana."

"Nikikuona barabarani?"

"Nisalimie kama watu."

Alipanda ngazi. Juu aligeuka, mara moja tu, akamtazama kama alivyomtazama Lanham. Halafu mlango ukafunguka, kelele za nyimbo zikamwagika nje, ukafungwa.

*

Njia nzima ya kurudi shangazi alilikumbatia beseni, macho barabarani. Walivuka daraja, maji ya Potomac yakiwa meusi chini yao, wakaingia 95. Isack aliwasha redio, akazima. Kofia ngumu ilikuwa kiti cha nyuma, na kila alipofunga breki ilijigonga mlangoni.

Walipofika Woodbridge, shangazi alishuka na beseni lake. Isack alimfuata hadi jikoni. Karai lilikuwa palepale juu ya jiko, limepoa. Shangazi alilinyanyua, akalifuta kwa karatasi ndani na nje, akalisogeza karibu na taa kama mtu anayeagana na picha.

"Shangazi, si lazima," Isack alisema. "Tutanunua jipya. Umesema mwenyewe."

"Jipya ningenunua kama ningeambiwa mapema. Sasa yule mama ameniomba hili, na ameniomba huku akijua." Aliliweka chini ya meza, mbali na vyombo vingine. "Kitimoto mtakula kwingine."

"Umenisamehe?"

"Visheti kesho napeleka kwa wazee kazini. Kula chakula chako ulale."

Hapakuwa na chakula. Isack aliondoka kwenda kwake Lanham na njaa.

Siku ile iligharimu hivi. Beseni moja la visheti na sahani ya kashata, na hakuna hata kimoja kilicholiwa na waliokusudiwa. Kiti kimoja kwenye meza ya Mama Nia, kilichobaki wazi. Weusi wa karai la Moshi, ambao vizazi viwili vya wanawake viliupika na moto wa mchana mmoja ungeuondoa. Mwezi mmoja bila sauti ya Nia. Na kofia moja ya kazi, iliyorudi.

Kizibao hakikurudi. Nia alisahau kukivua, au hakusahau. Hicho Isack hakukiweka kwenye gharama.